Siku za kazi zikipunguzwa Busia au Malaba, nani analipa zile zilizokatwa?

Wakala wetu mmoja wa Malaba alitutumia picha ya meseji ambayo mteja alimwonyesha dirishani. Meseji ilisema serikali imefungua mpango wa kuwalipa nusu mshahara wafanyakazi waliopunguziwa siku za kazi, na kwamba anayetaka kuingizwa kwenye orodha atume shilingi 350 za usajili kwa namba fulani, kisha asubiri pesa ndani ya saa 24. Mteja mwenyewe ni mama anayepika kwenye hoteli ya madereva wa malori. Bosi alikuwa amemwambia wiki hiyo hiyo kwamba sasa atakuwa anakuja siku tatu badala ya sita. Alishika zile 350 mkononi, akitaka ziwekwe kwenye laini yake ili azitume.

"Mama, hebu ngoja kwanza," wakala akamwambia, na akapiga simu kwetu.

Pesa ya mama iliokoka. Lakini swali lake ni la haki kabisa, na si yeye peke yake anayeuliza: je, kuna pesa ya serikali kwa mtu ambaye hajafutwa kazi, ila amepunguziwa siku? Kama ipo, inaombwa wapi? Kama haipo, mtu anabaki na nini mkononi? Tumeona tulijibu hapa kwa urefu, maana jibu fupi la "hakuna" halimsaidii mtu ambaye kodi ya nyumba inamsubiri tarehe tano.

Nchi nyingine hufanyaje

Mpango kama ule wa kwenye meseji si hadithi ya kutunga tu. Upo, lakini kwingine. Ujerumani wana utaratibu wa miaka mingi unaoitwa Kurzarbeit. Kampuni ikikosa kazi kwa muda, haifuti watu. Inawapunguzia saa, na mfuko wa bima ya ajira unamlipa mfanyakazi asilimia 60 ya mshahara wa mkononi aliopoteza, au asilimia 67 kama ana mtoto. Wakati wa korona viwango hivyo viliongezwa kwa waliokaa muda mrefu bila saa kamili. Uingereza nao, kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa Septemba 2021, walikuwa na mpango wao, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mfanyakazi aliyewekwa nyumbani alipata asilimia 80 ya mshahara, mradi isizidi pauni 2,500 kwa mwezi.

Karibu na sisi, Afrika Kusini mwaka 2020 ilitumia mfuko wake wa bima ya ajira kuwalipa wafanyakazi ambao kampuni zao zilifungwa au zilipunguza shughuli, na kiwango cha chini kilikuwa randi 3,500 kwa mwezi. Majirani zetu Tanzania wana fao la kukosa ajira ndani ya NSSF yao, lililoingizwa na mabadiliko ya sheria ya 2018: aliyechangia angalau miezi 18 na akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe hulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Hilo ni kwa aliyepoteza kazi, si kwa aliyepunguziwa siku, lakini angalau ni kitu.

Angalia kitu kimoja kinachounganisha nchi hizi za bima, yaani Ujerumani, Afrika Kusini na Tanzania. Pesa inatoka kwenye mfuko ambao mwajiri na mfanyakazi walikuwa wakichangia kabla ya shida kuja, na jina la mfanyakazi tayari liko kwenye daftari. Hakuna mtu anayetuma ada ya usajili kwa simu ili apate.

Kenya hatuna mfuko wa namna hiyo. NSSF yetu, hata baada ya sheria ya 2013 kuanza kutekelezwa kikamilifu mwezi Februari 2023, ni akiba ya uzeeni. Unakatwa asilimia 6 na mwajiri anaongeza asilimia 6, na pesa hiyo inakungoja ustaafu. Haitoki kwa sababu bosi amekupunguzia siku. Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini ni ya wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na wenye ulemavu mkubwa. Kwa hivyo mtu akikuambia kuna fidia ya serikali ya siku za kazi zilizokatwa, na ukiipata kupitia meseji, huyo anakuibia. Haijalishi meseji imeandikwa vizuri namna gani au ina nembo gani.

2020: msaada uliokuja, na uliowaruka wengi wa mpakani

Kuna wasomaji watakaosema, lakini mbona 2020 tulisaidiwa? Ni kweli, na inafaa kukumbuka vizuri ni msaada gani, kwa sababu matapeli wanatumia kumbukumbu hiyo hiyo.

Tarehe 23 Machi 2020 Uganda ilikuwa imefunga mipaka yake kwa abiria. Mizigo tu ndiyo iliendelea kupita. Siku nne baadaye kafyu ya Kenya ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa mji kama Malaba, ambao mapato yake mengi huja jioni madereva wanapotafuta chakula na malazi, hiyo ilikuwa kama kufunga duka mchana kweupe. Kisha upimaji wa madereva ukaanza, na malori yakapanga foleni ya makumi ya kilomita kutoka Malaba kurudi upande wa Bungoma. Wakati huo huo ofisi za mabasi, hoteli, vibanda vya kubadilisha pesa na kampuni ndogo za uwakala wa forodha zilikuwa zikiwaambia watu: njoo Jumatatu na Alhamisi tu, tutaona. Januari 2022 foleni ilirudi tena, safari hii kwa sababu ya ada ya kupimwa ya dola 30 ambayo madereva waliikataa.

Serikali ilifanya nini? Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza, pamoja na mambo mengine, kwamba yeyote mwenye mshahara wa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi hatakatwa kodi ya mapato hata shilingi moja. VAT ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Shilingi bilioni 10 zikaelekezwa kwa wazee, mayatima na wasiojiweza. Baadaye ikaja Kazi Mtaani, iliyoanza mwishoni mwa Aprili na kupanuliwa Julai. Vijana wa mitaa ya mabanda walilipwa shilingi 455 kwa siku ya kufagia, kuzibua mitaro na kazi kama hizo, pesa zikiingia kwenye simu.

Na upande wetu wa pesa za simu, kuanzia 16 Machi 2020 Benki Kuu ilielekeza kwamba kutuma hadi shilingi 1,000 kusitozwe ada, na kiwango cha muamala mmoja kikapandishwa hadi 150,000. Ile ada ya bure iliisha 31 Desemba 2020. Tunalitaja hili kwa sababu bado tunapata wateja wanaolalamika kwamba "ile ofa ya serikali" imeondolewa na sisi. Haikuwa ofa yetu, ilikuwa agizo la wakati ule.

Sasa tupige hesabu ya ule msamaha wa kodi, maana ndio uliokuwa karibu zaidi na msaada wa mshahara. Tuseme kijana alikuwa karani katika ofisi ya forodha Busia, mshahara 20,000. Februari 2020, baada ya kutoa 200 za NSSF za wakati huo, kodi yake kabla ya nafuu ilikuwa 2,355. Nafuu ya kila mtu ilikuwa 1,408. Akabaki kulipa kama shilingi 947. Kuanzia msamaha, akalipa sufuri. Kwa hivyo alipata nyongeza ya karibu shilingi 950 kwa mwezi.

Si haba. Lakini alipata hiyo kama mshahara ulikuwa bado unaingia. Kama bosi alimpunguzia siku hadi akabaki na 10,000, msamaha haukumwongezea kitu chochote, kwa sababu mshahara wa 10,000 haukuwa na kodi hata kabla ya korona. Na aliyeambiwa akae nyumbani bila malipo alisamehewa kodi ya sufuri. Huo ndio ukweli wa msaada unaopitia kodi: unamfikia mwenye mshahara, na kadiri mshahara unavyopungua ndivyo msaada unavyopungua. Kurzarbeit hufanya kinyume chake. Hatusemi hivi kuilaumu serikali ya wakati ule, ambayo ilikuwa na mambo mengi ya kuzima kwa wakati mmoja. Tunasema ili mtu asidhani kuna mlango aliokosa kubisha.

VAT ilirudi asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021. Ile ya kutokatwa kodi hadi 24,000 ilibaki, na ipo hadi leo: kodi ya asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, na nafuu ya kila mtu kwa mwezi ni 2,400 vilevile.

Basi unabaki na nini? Unabaki na mkataba

Kama hakuna mfuko wa serikali, anayehusika na siku zako ni mwajiri wako, na sheria inayomhusu ni Sheria ya Ajira ya 2007. Wengi wa mpakani hudhani sheria hiyo ni ya watu wa maofisini Nairobi. Si hivyo. Inamhusu mpishi wa Malaba na mlinzi wa yadi ya Busia sawasawa.

Jambo la kwanza: bosi hawezi kuamka tu akakupunguzia siku na mshahara. Akitaka kubadilisha masharti ya kazi ni lazima ashauriane nawe, na akuarifu kwa maandishi. Neno ni kushauriana. Si kutangaza kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku. Na likizo bila malipo haiko ndani ya sheria hiyo kama kitu ambacho mwajiri anaweza kukulazimisha; ni makubaliano, kwa hivyo unaweza kukataa au kuweka masharti. Kabla ya kufika huko uliza kuhusu likizo yako ya mwaka. Ukiwa umefanya kazi miezi 12 mfululizo una haki ya siku 21 za kazi zenye malipo kamili. Kama biashara imelala wiki mbili kwa sababu ya foleni, ni afadhali utumie siku hizo ukilipwa kuliko kukaa nyumbani bure huku likizo yako ikibaki kwenye karatasi.

Hata hivyo tusidanganyane. Kwenye hoteli ya watu watano, mwenye hoteli naye hana wateja, na anayesema "siwezi kukulipa siku sita" mara nyingi anasema kweli. Watu wengi watakubali siku tatu kuliko kukosa zote, na si ujinga kukubali. Ujinga ni kukubali kwa mdomo. Hapa ndipo tungependa usome polepole.

Tuseme umefanya kazi miaka 6 kwa mshahara wa 18,000. Umekubali kwenda nusu, 9,000, "mpaka mambo yakae sawa". Baada ya miezi minne mwenye biashara anaona haendelei na anaondoa wafanyakazi. Kuondolewa kwa sababu kazi imepungua kuna malipo yake kisheria: siku zisizopungua 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, na pesa za likizo ambazo hukuchukua. Kwa mshahara wa 18,000, ukigawa kwa siku 30, siku moja ni 600. Siku 15 ni 9,000. Mara miaka 6 ni 54,000. Lakini bosi akipiga hesabu kwa mshahara wa 9,000, unapata 27,000. Nusu ya haki ya miaka sita imeondoka kwa sababu ya makubaliano ya miezi minne ambayo hakuna aliyeyaandika kuwa ni ya muda.

Kwa hivyo karatasi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari uliosainiwa na wote wawili, iseme mshahara wako kamili ni kiasi gani, umepunguzwa hadi kiasi gani, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, na kwamba hesabu yoyote ya kuondolewa kazini itapigwa kwa mshahara kamili. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo watu husahau. Bosi akikataa kuandika, mtumie wewe meseji ya heshima: "Bosi, nimekubali kama tulivyoongea leo, siku tatu kwa wiki kuanzia Jumatatu hadi mwisho wa mwezi ujao, halafu turudi kwa mshahara wangu wa 18,000." Akijibu "sawa" tu, tayari una maandishi. Usiifute hiyo meseji.

Makato pia yanashuka

Mshahara ukipungua, makato yanapaswa kupungua nao. Tumeona watu wakikatwa kiasi cha zamani kwa sababu mwenye kulipa hakubadilisha hesabu yake. Chukua mshahara wa 20,000: NSSF 1,200, SHA asilimia 2.75 ambayo ni 550, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ambao ni 300. Jumla 2,050, mkononi 17,950. Ukishuka hadi 10,000, NSSF ni 600 na nyumba ni 150. SHA ingekuwa 275, lakini haishuki chini ya 300, kwa hivyo ni 300. Jumla 1,050, mkononi 8,950. Ukiona umepokea 7,950, kuna elfu moja ya kuuliza.

Kuna kinga nyingine ambayo wenye mikopo ya sacco kazini wanaihitaji zaidi. Makato yote kwa pamoja, mkopo ukiwemo, hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mshahara ukiwa 10,000, angalau 3,333 lazima zikufikie. Deni halifutiki, lakini bosi hawezi kukupelekea mshahara wa sufuri na kusema "sacco imechukua yote". Nenda sacco mwenyewe kabla ya tarehe ya makato, ueleze mshahara umekatwa, na uombe muda urefushwe. Mkopo wa simu ni vivyo hivyo. Ongea kabla tarehe haijapita, si baada.

Kibarua wa kila siku je?

Malaba na Busia zimejaa watu ambao hawana barua ya kazi hata moja. Wapakuaji wa mizigo, wasafishaji wa malori, vijana wa godauni la mahindi, akina dada wa kuosha vyombo. Wanalipwa jioni, wengine kwa noti, wengine kwa simu. Wao wakiambiwa "kesho usije" hudhani mambo yameishia hapo.

Sheria inasema hivi: kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo kwa jumla hazipungui mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo kwa hali yake haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mkataba wa mwezi, na anastahili notisi. Jina la "kibarua" halimfungi. Shida yake ni ushahidi. Mwajiri analazimika kumpa mfanyakazi wa kawaida karatasi ya mshahara yenye mchanganuo wa makato, lakini kibarua ameachwa nje ya kifungu hicho. Akifika mbele ya afisa wa leba, ataonyesha nini?

Hapa ndipo simu yako inafanya kazi ambayo wengi hawajui. Ukilipwa 500 kila jioni kutoka namba ile ile kwa wiki saba, stetimenti yako ina mistari zaidi ya arobaini yenye tarehe, saa, kiasi na jina la aliyetuma. Hiyo si meseji inayoweza kusemwa imetungwa. Ni rekodi ya kampuni inayosimamiwa na Benki Kuu.

Ukilipwa noti, kuipeleka kwa wakala na kuiweka kwenye laini yako jioni ile ile husaidia akiba, lakini kama ushahidi ni dhaifu: stetimenti itaonyesha uliweka pesa, haitaonyesha nani alikupa. Mwombe msimamizi akutumie kwa simu, hata kama ni siku mbili kwa wiki. Akisema ada ni kubwa, kubali kugawana naye. Na kama analipa kwa noti tu, weka daftari: tarehe, kazi, kiasi, nani mlikuwa naye. Daftari lililoandikwa kila siku kwa kalamu tofauti tofauti na lenye madoa ya chai huaminika kuliko orodha safi iliyoandikwa usiku mmoja.

Kuna jambo la mpakani tu. Baadhi ya waajiri upande wetu hulipa kwa shilingi za Uganda, kwa sababu ndizo wateja wamewaachia siku hiyo. Sheria ya Kenya inataka mshahara ulipwe kwa sarafu ya Kenya. Ukipewa ya Uganda, ni wewe unayebeba hasara ya kubadilisha, na siku za shida kiwango cha kibandani huwa hakikuhurumii. Na kama unavuka kufanya kazi upande wa Uganda na unalipwa kwenye laini ya huko, fahamu kwamba ukitoa pesa kuna kodi ya asilimia 0.5 ya serikali yao juu ya ada ya kutoa. Sheria ya kazi inayokuhusu huko pia ni ya huko. Afisa wa leba wa Busia Kenya hawezi kumwita bosi wa Busia Uganda.

Kwa nani, na kwa muda gani

Afisa wa leba hatozi pesa kupokea malalamiko. Kama umefutwa kazi isivyo haki, peleka kwake ndani ya miezi mitatu tangu siku ile. Kesi ya mahakamani ina hadi miaka mitatu, lakini usikae miaka miwili ukifikiri. Na huna haja ya kwenda Nairobi: tangu 2018 mahakimu waliotangazwa kwenye gazeti la serikali wanaruhusiwa kusikiliza kesi za ajira za watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, na hapo ndipo wengi wetu tulipo.

Ukienda, beba makubaliano kama yapo, meseji za bosi, na stetimenti ya miezi uliyofanya kazi pale, ikiwemo miezi ya kabla siku hazijapunguzwa. Hiyo ya kabla ndiyo inayoonyesha mshahara wako kamili ulikuwa kiasi gani, na ndiyo watu husahau kuomba.

Kupata stetimenti kwetu si kazi. Fungua programu yetu au menyu ya simu, ingia akaunti yangu, chagua stetimenti, weka tarehe ya kuanzia na ya kumalizia, na itatumwa kwa barua pepe. Asiye na barua pepe aje kwenye duka letu na kitambulisho, tutamchapishia na kugonga muhuri. Wakala wa kibandani hawezi kukutolea stetimenti, kwa hivyo usimpe PIN yako akikuambia atakusaidia. Hata yule mwema. Mtu wa kampuni yetu hatakuuliza PIN kwa simu, na hatakuambia ubonyeze namba fulani ili upokee malipo ya serikali.

Kama tayari umetuma ile 350, tupigie mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa. Ikiwa bado imo kwenye laini yake tunaweza kuizuia tukichunguza. Ikishatoka, kinachobaki ni kuripoti polisi ukiwa na namba ya muamala, na tutawapa polisi wanachohitaji wakituandikia. Yule mama mpishi hakufika huko. Alirudi kwa bosi wake siku iliyofuata na karatasi ya daftari, wakaandikiana miezi miwili, na wakala wetu akawa shahidi wa tatu kutia sahihi.